Kupiga kambi Kitulo: Unataka maua au njia kavu?

Hifadhi ya Taifa Kitulo, ambayo wenyeji huiita "Bustani ya Mungu", haina simba wala tembo. Watu huja kutembea kwa miguu na kuona maua.

Lakini kabla hujafunga begi, jua hili: maua huja na mvua. Desemba hadi Aprili okidi huchanua, ila njia ni tope na hema linaweza kulowa. Septemba hadi Novemba njia ni kavu, maua machache. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, kwani uwanda huu uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Miezi yoyote, beba blanketi zito.

Ukitokea Makambako, shika barabara ya Mbeya hadi Chimala, kisha panda kwenda Matamba. Ukitokea Njombe, pitia Makete.

Ukifika, piga picha tu, usichimbe. Viazi vya okidi huuzwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Kiazi kikishang'olewa, mmea umekwisha. Biashara hiyo ilichangia Kitulo kufanywa hifadhi mwaka 2005.