Hedifoni Nzuri Ni Ipi?

Je, umeshasikia habari za hedifoni za haibridi, zile za kuchomeka sikioni? Kila upande una spika za aina mbili: moja ya besi, na nyingine ndogo sana ya sauti nyembamba. Basi ndiyo bora? Usikubali haraka!

Kwanza jaribu vimpira vyake. Visipoziba vizuri, besi huvuja, kelele za nje huingia, nawe unaongeza sauti. Hapo ndipo penye hatari: chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio zikifa, hazioti tena.

Halafu sikiliza kwa sauti ya chini. Maneno na mdundo vinasikika wazi? Hizo zinakufaa. Shirika la Afya Duniani linashauri usizidishe asilimia 60 ya sauti ya simu. Masikio yakilia ngiii, zichomoe, pumzika!