Kioo cha Kompyuta Kikikosa Rangi

Pengine shule ya kijijini kwenu imepewa kompyuta kuukuu yenye Windows 98. Mwalimu anafungua picha ya jani la mahindi, ili watoto wajifunze kutambua ugonjwa. Lakini jani lote ni madoadoa, wala huwezi kupambanua kijani na manjano. Mara watu husema, "Kioo kimekufa, tununue kingine." Ngoja kwanza! Huenda kioo hakina kosa lolote.

Yafaa kujua kwamba kompyuta huhesabu rangi kwa biti. Kila nukta ya picha ikipewa biti 4, rangi ni 16 tu. Ikipewa 8, ni 256. Ikipewa 24, ni zaidi ya milioni 16. Hesabu hiyo hutunzwa katika kumbukumbu ya kadi ya picha, iliyomo ndani ya sanduku la kompyuta. Kumbukumbu ikiwa ndogo, rangi nazo huwa chache.

Basi, fuata utaratibu huu.

Kwanza, angalia waya. Kioo kizima kikiwa cha manjano, rangi ya buluu haipiti. Kikiwa cha zambarau, kijani haipiti. Zima mtambo, chomoa waya, tazama kama kijino kimoja kimepinda, kisha uukaze vizuri.

Pili, kama rangi zote zipo lakini ni chache, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu pa kioo. Chagua Properties, kisha Settings. Chini ya neno Colors, chagua biti 16 au 24.

Tatu, zikikataa, punguza idadi ya nukta. Kadi yenye kumbukumbu ya MB 1 haiwezi kutoa biti 24 kwa nukta 1024 kwa 768, lakini kwa nukta 640 kwa 480 inaweza.

Nne, ikiwa rangi 16 ndizo pekee zinazotajwa, huenda programu inayoiongoza kadi haimo. Tafuta sahani iliyokuja na kadi hiyo, uitie upya.

Ukiisha kuyajaribu haya yote, ndipo umwite fundi, umweleze uliyoyaona. Fedha za shule ni jasho la wazazi. Si vema kuzitupa kwa kununua kioo kipya, na kile cha zamani ni kizima.