Fahamu: Nani humlinda mfichuzi wa ufisadi Kenya?

Karani wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, aliziona hati za malipo makubwa mno, ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje. Mwaka 1993 alitoa nakala, zikawafikia wabunge wa upinzani. Sakata hilo, lililoitwa Goldenberg, likalipuka.

Munyakei alikamatwa, akashtakiwa kwa kuvujisha siri za serikali. Kesi ilifutwa, kazi hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara. Inauma.

Sheria ya Hongo ya 2016 inakataza kumtisha mtoa taarifa, lakini hongo ni tawi moja tu la ufisadi. Miswada mipana zaidi ya kumlinda mfichuzi imekwama Bungeni mara kadhaa, ilhali Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2015.

Ubishi mmoja kuhusu sheria kama hizi ni wa zawadi: je, mfichuzi apewe sehemu ya fedha zitakazookolewa? Wanaopinga wanahofia uzushi. Lakini aliyepoteza mshahara atalipaje kodi ya nyumba?