Tabibu Mwenye Kuuliza: Wajibu Wetu kwa Vijana wa Upareni

Ndugu msomaji, homa ni mgeni asiyebisha hodi. Katika wilaya ya Same, kuanzia tambarare kavu za wafugaji hadi miteremko ya Gonja, Mamba na Chome, homa kwa miaka mingi ilipewa jina moja tu: malaria. Mtoto akichemka mwili, jibu lilitolewa kabla ya swali kuulizwa. Leo tungependa kulitazama jambo hili, kwani ndani yake umo uhai wa watu, na umo pia wajibu wetu kwa vijana wanaosomea udaktari.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa mahututi walitibiwa malaria kali. Damu yao ilipopimwa kwa makini, wenye vimelea walikuwa 2,062 tu, chini ya nusu. Kati ya hao walikufa 142. Kati ya wale 2,412 wasio na vimelea, walikufa 292. Yaani waliotibiwa maradhi wasiyokuwa nayo ndio waliokufa zaidi.

Mwaka 2013 yakaja matokeo mengine kutoka Moshi, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Same. Wagonjwa 870 walilazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008. Madaktari waliwadhania 528 kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kwa hakika ni 14. Wengine walikutwa na bakteria katika damu, na wengine na magonjwa yatokanayo na wanyama, kama vile brusela, homa ya Q na homa ya mgunda. Anayekunywa maziwa mabichi, au anayemzalisha mbuzi kwa mikono mitupu, anahusika moja kwa moja na habari hii.

Basi ni nani anayeweza kuligundua kosa la namna hii? Daktari asiyefundishwa utafiti huona wagonjwa wengi lakini hana njia ya kuipima shaka yake. Mtaalamu wa maabara asiyeingia wodini ana njia, lakini hajui shaka iko wapi. Anayehitajika ni mtu mmoja mwenye elimu zote mbili: tabibu-mtafiti.

Jambo hili si geni katika turathi zetu. Ibn an-Nafis, aliyefariki Kairo mwaka 1288, alikuwa tabibu na pia mwalimu wa fiqhi ya Kishafii. Ndiye aliyeeleza kwamba damu hupita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili, kinyume cha alivyofundisha Galen, ambaye watu walimfuata kwa zaidi ya miaka 1,000. Heshima kwa waliotangulia haikumzuia kuuliza.

Upare nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1955 hadi 1959, nyumba za Pare na za Taveta, upande wa pili wa mpaka, zilipuliziwa dawa ya dieldrin katika jaribio kubwa lililoongozwa na wataalamu wa taasisi ya malaria ya Amani. Mbu walipungua mno na vifo vya watoto wachanga vikashuka. Upuliziaji ulipokoma, malaria ilirejea taratibu. Faida ilikuwepo, lakini wenyeji walitoa damu na nyumba zao, na maswali yakaulizwa na wengine.

Leo njia ya kumpata muulizaji mwenyeji ni ndefu. Udaktari ni miaka mitano, utarajali mmoja, uzamili mitatu au minne, kisha uzamivu usiopungua mitatu. Marekani iliamua mwaka 1964 kuziunganisha shahada za udaktari na uzamivu katika mpango mmoja, huku serikali ikilipa ada na posho ya kujikimu. Chuo cha KCMC, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke kuanzia 2010, kilipata fedha za kuimarisha mafunzo ya udaktari na utafiti. Na mfano hai tunao: Profesa Blandina Mmbaga, daktari wa watoto aliyepata uzamivu Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, na akaja kuiongoza taasisi ya utafiti ya KCRI, Moshi.

Hata hivyo, kuunganisha shahada peke yake hakutoshi. Mzazi aliyeuza tangawizi na mbuzi kumsomesha mwanawe humtazamia aanze kujenga na kuwasomesha wadogo zake mara tu aitwapo daktari. Hana kosa. Lakini ni katika miaka hiyo ndipo wengi huuacha utafiti, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa posho.

Wanazuoni wetu waliihesabu tiba kuwa faradhi ya kutosheleza: asipopatikana wa kuisimamia, lawama ni ya jamii nzima. Tunajua kuweka wakfu wa msikiti na kisima. Tuweke pia wakfu wa kumkimu kijana mmoja kutoka milima hii hadi amalize elimu zote mbili. Mwenyezi Mungu awajaalie wagonjwa wetu matabibu wanaouliza kabla ya kujibu. Amin.