Goliath: Manowari Iliyopiga Dar es Salaam

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Goliath ilikuwa manowari ya Waingereza iliyoshushwa majini mwaka 1898, yenye mizinga minne ya inchi 12. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, ililetwa pwani ya Afrika Mashariki kusaidia kuizingira Königsberg, meli ya vita ya Wajerumani iliyojificha mtoni Rufiji. Novemba 28 na 30, 1914, ikaupiga mizinga mji wa Dar es Salaam. Ugomvi ulikuwa wa wafalme wa Ulaya, lakini makombora yaliangukia mji wa wenyeji.

Mwaka 1915 Goliath ilipelekwa Dardanelles, mlango wa bahari uelekeao Istanbul, kuwapiga Waturuki. Usiku wa kuamkia Mei 13, katika giza na ukungu, manowari ndogo ya Waturuki, Muavenet-i Milliye, iliinyemelea ikiwa imetia nanga, ikaitupia topedo tatu. Goliath ikapinduka, ikazama. Mabaharia 570 wakafa, nao pia wana wa watu.

Ndugu msomaji, tangu Dar es Salaam ipigwe haikutimia miezi sita, na aliyeipiga yumo chini ya bahari.