Je, kubeti ni kazi au ni mchezo?

Ndugu msomaji, hapa kambini utasikia vijana wakisema kubeti ni kazi kama kazi nyingine. Je, ni kweli?

Wapo wachache wanaoishi kwa kubeti. Huko Uingereza, Tony Bloom, mwenyekiti wa Brighton, na Matthew Benham, mmiliki wa Brentford, walitajirika hivyo. Lakini Bloom alisomea hisabati na Benham alisomea fizikia, na kila mmoja alianzisha kampuni yenye wataalamu wa takwimu wanaochambua mechi.

Mbeti wa kazi hupiga hesabu kwanza. Huweka pesa pale tu malipo yanapozidi hatari. Kila mara huweka sehemu ndogo ya mtaji wake, huandika kila dau, na akipoteza haongezi dau kwa hasira. Mtaji huo si pesa ya chakula.

Mbeti wa burudani hufuata moyo. Huchagua timu anayoipenda, hupanga mkeka mrefu, na akiliwa huweka tena ili arudishe.

Sasa fanya hesabu hii. Timu mbili zina nguvu sawa na hakuna sare. Ukiweka 1,000 ukashinda, haki yako ni 2,000, lakini kampuni hukulipa kama 1,900. Ili usipate hasara, inabidi upatie mara 53 katika 100. Ukiunganisha mechi 5 za namna hiyo, utazipatia zote mara 1 katika mikeka 32, lakini utalipwa chini ya mara 25 ya dau lako. Mkeka ukiwa mrefu, faida ya kampuni huongezeka.

Ndugu, jipime. Je, unauza posho au kukopa ili ubeti? Unawaficha watu wa nyumbani? Umejaribu kuacha ukashindwa? Hizo ni dalili za uraibu. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu mwaka 2022. Si laana wala ujinga, na msaada upo.

Usione haya. Fika kituo cha afya, au zungumza na mhudumu wa afya wa mtaa wako. Siri yako itatunzwa. Na kabla ya kwenda, mkabidhi mwenzako wa nyumbani posho ya mwezi huu aitunze.

Mhudumu wa kujitolea, Afya ya Jamii