Luano: Mataa ya DJ kati ya umeme usioaminika na njia ya ndege

Siku ya posho jioni, si ajabu kukuta barabara ndogo ya Luano, kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi, imefungwa nusu na hema la ndoa. DJ anafika na bafle, kompyuta na mataa ya rangi yaliyofungwa juu ya taksi-moto ao kusongwa ndani ya gari la kukodi. Muziki unaweza kungoja dakika kumi, na watu watanung'unika tu. Lakini giza likiingia kabla ya bibi-arusi, wenye feti hawamsamehe, na pesa iliyobaki haitoki.

Ndiyo maana mataa ya kuhamahama hapa hayachaguliwi kwa uzuri wa rangi peke yake. Yanapimwa kwanza kwa umeme uliopo, halafu kwa anga lililo juu ya parseli, kwa sababu Luano ndiko uwanja wa ndege wa Lubumbashi ulipo.

Katanga haina uhaba wa historia ya umeme. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mwaka 1982 laini ya Inga ilifika Kolwezi baada ya safari ya kilomita 1,700 hivi. Toka mwanzo umeme huo ulifikiriwa kwa ajili ya migodi, na wakaaji wa mitaa ya pembeni wanajua delestaji kuliko wanavyojua Inga. DJ anayetegemea prizi ya mwenye parseli anacheza bahati nasibu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Taa ya zamani ya jukwaa, ile ya PAR 64 yenye balbu ya wati 1,000, ilikuwa ya kawaida kwenye matamasha. Nne tu ni wati 4,000, maana yake zaidi ya amperi 18 kwa volti 220. Hakuna jenereta ya kubebwa kwa mkono inayoweza hiyo. Ile ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili, hata ikiandikwa 950, kwa kazi ya usiku kucha hutoa wati 650 hivi, na bafle nazo zinadai sehemu yao. Taa nane za LED za wati 60 kila moja zinakula wati 480. Hapo kazi inaanza kuwezekana.

Tofauti hiyo inaonekana hata ndani ya waya. Chukua kabli ya shaba ya milimita mraba 1.5, ndefu ya mita 50, kutoka nyumba ya jirani mpaka hemani. Kwa zile PAR nne, volti 20 na zaidi zinapotelea njiani na kabli inapata moto. Kwa LED nane, hazifiki volti tatu. Kwenye mji unaochimba shaba, waya mwembamba kupita kiasi bado ndio unaouzwa kwa bei ya chini, na wengi wanaununua.

Njia nyingine ni betri. Ya asidi, volti 12 na amperi-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza kupita nusu mara kwa mara inakufa mapema. Ukitoa pia kinachopotea katika inveta, taa nne za wati 30 zitawaka saa nne hivi. Inatosha kwa kuingia kwa maarusi, kukata keki na sehemu ya dansi. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma, yenye kipimo kilekile, inafika karibu saa saba, na uzito wake ni kilo 12 hivi mahali pa kilo 30. Kwa mtu anayesafiri na pikipiki, hizo kilo 18 si jambo dogo. Bei yake ndiyo kikwazo. Na kwa wale wanaodhani kila betri ya kisasa inabeba kobalti ya Katanga: aina hii haina kobalti hata kidogo.

Mvua na vumbi

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mvua. Miguu mitatu ya chuma, udongo uliolowa, kabli iliyokanyagwa na wageni mia mbili: hapo mtoto anayeshika nguzo ya taa anaweza kupoteza maisha. Disjunkta ya diferensiali ya miliamperi 30 inakata umeme kabla moyo haujasimama, na inaingia ndani ya sanduku dogo la prizi. Lakini iko na mtego: kwenye jenereta nyingi ndogo, waya wa nyutro haujaunganishwa na bodi, na disjunkta hiyo inabaki pambo tu. Fundi wa umeme ndiye wa kufanya unganisho hilo, si DJ mwenyewe usiku na tochi ya simu mdomoni.

Wakati wa kiangazi matata ni vumbi jekundu. Taa yenye feni inalivuta mpaka ndani. Yenye alama IP65 imefungwa dhidi ya vumbi na maji ya kurushwa. Yenye IP20 ni ya sala, si ya parseli. Upepo nao unaangusha nguzo, lakini mfuko wa mchanga kwenye kila mguu unatosha kuzuia.

Kuna pia suala la sura za watu. LED za bei ndogo zenye rangi tatu tu zinapaka ngozi nyeusi majivu, na katika video ya ndoa zinaonyesha mistari inayotembea. Taa mbili za mwanga wa joto, wa rangi ya kaharabu, mbele ya maarusi zina faida kuliko kumi za buluu nyuma yao. Kujaribu hakuna gharama: elekeza kamera ya simu kwenye taa kabla ya kulipa.

Leza usiku wa Luano

Leza ya kijani ndiyo inayopendwa na vijana, na ndiyo yenye hatari kubwa hapa. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, linataka taa yoyote ya ardhini inayoweza kuhatarisha ndege karibu na uwanja izimwe, ifunikwe ao ibadilishwe. Kwa leza, eneo la tahadhari linafika kilomita 18.5 kutoka uwanjani, na ndani yake mwanga haupaswi kupita mikrowati tano kwa sentimita mraba. Ukihesabu kutoka Luano, duara hilo linapita katikati ya mji.

Leza ya miliwati 100, ikibaki mwale mmoja unaopanuka mita moja kwa kila kilomita, bado ina mikrowati zaidi ya 12 kwa sentimita mraba baada ya kilomita moja. Rubani anayetua hana nafasi ya kupangusa macho.

Dawa yake inatengenezwa na fundi wa kuchomea vyuma: nguzo yenye kizuizi kinachokataza taa kuinuka kupita usawa wa hema, na kipande cha bati juu ya kila taa inayozunguka. Leza, kama lazima iwepo, inapiga ukuta ao turubai nene. Uwanja huo unasimamiwa na RVA, na mwenye feti kubwa ya wazi anaweza kuwauliza mapema kabla hajakodi mataa ya kupiga mbinguni.